Muuza Samaki wa Televisheni

Mimi hujibizana na televisheni. Wako watu wanaotazama kimya, mikono mapajani, kama wako msibani. Mimi siwezi. Muuaji akijificha nyuma ya pazia na mwenye nyumba akaenda kufungua dirisha, nitamwita mjinga kwa sauti inayofika barabarani. Polisi akisema uongo, nitamwambia ni mwongo. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Lakini mama, yule hakusikii." Nikamjibu, "Wewe unanisikia, na majirani wanaochungulia dirishani wananisikia. Inatosha."

Tabia hiyo nimeirithi kwa baba yangu. Alikuwa fundi wa nguo. Sisi ni Waislamu wa zamani wa Kisangani, wajukuu wa watu waliofika na misafara ya biashara, wakaoa, wakabaki. Zamani za Wabelgiji, baba akiwa kijana, alikuwa akienda kwenye sinema iliyowekwa kwa ajili ya watu weusi. Filamu zilichaguliwa na wazungu, na hata hizo zilizochaguliwa zilipita kwanza kwenye mkasi. Mzungu mwizi hakuonekana. Mzungu mlevi hakuonekana. Mzungu akiinuliwa ngumi, picha iliruka, na ghafla ulimwona amekaa juu ya farasi, kofia imenyooka. Vijana walijua kuna kitu kimekatwa, wakapiga miluzi.

"Tulikuwa tunaonyeshwa filamu ya matundu," baba alikuwa akisimulia, "na matundu tunayajaza wenyewe, kwa vichwa vyetu."

Uhuru ulipofika aliingia katika sinema ya katikati ya mji, ile ambayo hapo awali yeye aliwashonea suruali watu waliokuwa wakiingia humo. Alikaa kwenye kiti cha kitambaa. Ilikuwa filamu ya polisi. Mwishoni mzungu mmoja tajiri, daktari mwenye miwani ya dhahabu, alitiwa pingu. Baba alisimama peke yake akapiga makofi. Tangu siku ile filamu za polisi zilikuwa chakula chake. Hata alipozeeka, filamu ikianza tu, alisema muuaji ni daktari. Alikosea karibu kila mara, na hakujali.

Televisheni yetu aliinunua miaka ya neema, wakati ambapo wanafunzi wa chuo walikuwa bado wanashonesha suti. Mume wangu alipofariki nilirudi kuishi kwa baba, katika komini ya Kisangani, wilaya mojawapo ya mji wetu, si mbali na maporomoko ya Wagenia, na jioni zetu zote zilikuwa mbele ya kile kioo. Umeme ukiwapo tulitazama. Umeme ukikatika tuliendelea kubishana gizani juu ya yale tuliyoyaona.

Maoni yangu hayakubadilika. Katika filamu za polisi mlinzi wa mlango hufa kwanza, na hakuna anayemuuliza jina lake. Mimi nilitaka kujua ni nani atakayempelekea mke wake habari. Mtumishi wa jikoni hushukiwa kwanza, hupigwa makofi, halafu ikigundulika hana kosa hakuna anayemwambia pole. Wajane wa filamu hulia na nywele zao ziko sawa. Na mtu anayejificha, ah! Mtu anayejificha lazima aangushe kikombe. Wakati wa uasi wa kwanza, miaka michache baada ya uhuru, mimi nilikuwa mtoto mdogo. Tulijificha chini ya kitanda cha shangazi, watu wazima na watoto tumebanana kama dagaa, na nje kulikuwa na buti zinapita. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyepiga chafya. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida alilia hata inzi akitua juu yake, alinyamaza kama jiwe. Kwa hiyo mtu anayeangusha kikombe simuamini, na aliyeandika filamu hiyo simuamini zaidi. Huyo hajawahi kujificha.

Halafu ukaja uasi mwingine, ule wa utu uzima wangu. Mto ulifungwa. Meli za kutoka Kinshasa hazikufika tena, sabuni ikawa kama dhahabu, chumvi ikapimwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa nauza vitenge sokoni, na kitenge kilichobaki kilikuwa kile ambacho watu walikikataa wakati wa amani. Waasi waliushika mji, na majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kama marafiki wao yakagombana, yakapigana humu humu mjini mwetu, sisi tukiwa katikati. Bomu moja lilipasua ukuta wa jiko letu. Mimi na baba tulilala chini ya meza yake ya kukatia nguo. Mabomu yaliponyamaza tulitoka nje, tukaona mtaa umejaa majani ya miti, na chini ya majani kuna watu.

Wakati mji ulipoanza kupumua, wakubwa wa uasi walitangaza kwamba televisheni ya mji itaonyesha mchezo wa kuigiza, mfululizo, kila Jumapili alasiri, mapema ili watu wasikutwe nje na amri ya kutotembea. Mchezo wa namna hiyo kwetu tunauita teatre. Uliandikwa na mkuu wa habari mwenyewe. Huyo mkuu alikuwa mtu wa maneno laini na shati jeupe, na watu walisema hapo zamani alifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari.

Sitadanganya, sehemu za mwanzo zilitufurahisha. Tangu tununue televisheni tulikuwa tumeona barabara za Paris na majumba ya Brazili, na sasa tuliona posta yetu ya Makiso, katikati ya mji, tukaona baiskeli za toleka zimebeba abiria na mizigo, tukaona bandari yetu. Ua wetu ulijaa watu. Na zaidi ya yote tulimwona jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto, mwenye sauti ya kuita kutoka ng'ambo moja ya soko hadi nyingine. Alinunua samaki kwa wavuvi wa Wagenia, akawakausha kwa moshi nyuma ya nyumba yake, akawauza. Aliwahi kuigiza parokiani kwake, ndiyo maana wakamtafuta. Katika teatre aliigiza kazi yake mwenyewe, muuza samaki. Aliwatania wateja, aliwatukana madalali, alicheza dansi na beseni kichwani. Alipotokea tu, ua mzima ulipiga kelele. Baba alisema huyu anawapita waigizaji wote wa Ulaya.

Shujaa wa mchezo alikuwa askari. Sare yake haikuwahi kuchafuka. Alihutubia. Mpishi akimletea chakula, alimhutubia mpishi. Mimi nilimwambia kwenye kioo, "Kula kwanza, wali unapoa!" Watu walicheka. Askari niliowajua mimi waliingia sokoni na kuchukua bila kuhutubia.

Kisha Jumapili moja mambo yakageuka. Tulimwona muuza samaki wetu amesimama kando ya mto, anaongea na askari wa adui, mtu wa Kinshasa. Askari akampa kipande cha sabuni. Yeye akanusa ile sabuni, akatabasamu, akanyoosha kidole kuonyesha njia ya nyuma inayoingia mjini. Usiku wa mchezo mabomu yakalia. Yalilia tu, hakuna hata sahani iliyoanguka. Na askari wetu msafi akasema kwa uchungu, akitutazama sisi, "Muji haukuuzwa na maadui. Muji uliuzwa na mama wa soko."

Jirani mwenyewe alikuwa hapo, amekaa kwenye mkeka. Alisema polepole, "Mimi walinipa maneno kidogo kidogo. Sikujua wanaenda wapi." Kisha akainuka, akawachukua watoto wake, akaenda nyumbani.

Kesho yake sokoni nilisikia zogo upande wa samaki. Nilipofika nilikuta beseni lake limepinduliwa. Mwanamke mmoja mnene, ambaye alifiwa na mwanawe wakati wa mabomu, alikuwa amesimama juu ya samaki.

"Nenda uuzie marafiki zako!" alipiga kelele. "Mama Sabuni!"

"Dada, ile iko teatre," jirani yangu alisema. "Teatre tu! Wewe mwenyewe unanijua. Siku ile ya mabomu nilikuwa wapi? Si tulikuwa na wewe mu kanisa?"

"Mu televisheni nilikuona na macho yangu!"

Hapo ndipo nilipochoka. Yule mama mnene alikuwa na jirani yangu kanisani siku ya mabomu, walishikana mikono, alijua. Lakini kioo kilimwambia neno jingine, na yeye aliyefiwa alihitaji mtu wa kumlaumu ambaye angeweza kumfikia. Wakubwa wenye mizinga hakuwafikia. Muuza samaki alimfikia. Mimi na jirani yangu tulipiga magoti tukaokota samaki mmoja mmoja, tukawapangusa mchanga. Hakulia. Aliniambia tu, akiniita dada mkubwa kwa namna yetu, "Yaya, hata ile sabuni walininyang'anya, kamera ilipozimwa."

Tangu asubuhi hiyo watoto wa mtaani walimwimbia wimbo wa sabuni. Samaki wake walikauka mara ya pili, kwa kukosa wanunuzi.

Sasa, kulikuwa na kipindi kingine baada ya teatre, kila Jumapili, ambapo mkuu wa habari aliwakaribisha watazamaji studioni watoe maoni. Kilikwenda moja kwa moja hewani. Walialikwa watumishi wa serikali, wakuu wa shule, wanafunzi waliochaguliwa, na wote walisifu. Lakini tangazo lilisema mlango uko wazi kwa kila mwananchi. Nilimwambia baba kwamba mimi ni kila mwananchi.

Baba alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

"Utasema nini kule?"

"Yale ninayosemaga hapa."

"Hapa unasema na kioo. Kule kioo iko na bunduki nyuma."

"Papa, wewe ulisimama ukapiga makofi."

"Mimi nilipiga makofi. Sikutukana mutu." Akatia uzi, akakata kwa meno. Kisha akasema, "Vaa ile nguo ya bluu. Nyekundu inafanya mutu aonekane na hasira."

Nilivaa ya bluu. Studio ilikuwa chumba kidogo huko Makiso, chenye joto la tanuri na pazia la kijani nyuma ya viti. Mkuu wa habari alinipokea vizuri. Aliona mwanamke wa makamo mwenye kilemba, akafikiri nimekuja kushukuru. Mkuu wa shule alizungumza kabla yangu, akasema mchezo huu ni darasa la uzalendo. Halafu kipaza sauti kikaja kwangu.

"Et vous, madame? Mama, teatre yetu inakupendeza?"

"Mwanzo ulinipendeza sana," nilisema. "Ile ya sabuni ni uongo."

Alitabasamu bado. "Uongo namna gani?"

Nikamwambia. Nilisema mimi natazama filamu za polisi tangu ujana wangu, na katika filamu nzuri, mtu akifanya ubaya, wanakuonyesha sababu inayolingana na ubaya wenyewe. Huwezi kuniambia kwamba mama mwenye watoto anauza mji ambamo watoto wake wanalala, kwa kipande cha sabuni. Nilisema, "Aliyeandika maneno haya hajawahi kununua samaki kwa mama yeyote. Angejua. Yule mama anakataa kupunguza bei hata kwa padri." Nyuma ya kamera mtu mmoja alicheka, kisha akakohoa. Nikaendelea. Nilisema siku ya mabomu niliona mama wa soko wamebeba majeruhi kwenye milango iliyong'oka, niliona wanapika uji kwa watu wasiowajua. Nilisema, "Askari wenu mumempa maneno mazuri yote. Mama mumempa sabuni. Na majeshi yale mawili yaliyopigana kwetu, mbona hayamo kabisa katika teatre? Nani aliyaleta? Mama wa samaki?"

Taa nyekundu ya kamera ilizimika. Baadaye baba alinisimulia kwamba nyumbani walimsikia mtoto wake akisema "nani aliyaleta," halafu kukawa na wanamuziki wanacheza.

Asubuhi askari wawili walinifuata nyumbani. Hawakunigusa. Walinitembeza hadi ofisi ya mkuu wa habari. Niliogopa. Sitaki mtu asome haya akadhani sikuogopa. Nilikuwa nikifikiria wale ambao walikuwa wameitwa ofisi kama zile wakatoka wakiwa wamebadilika, na wengine ambao hatukuwaona tena.

Mkuu wa habari hakuniambia nikae.

"Nani alikutuma?"

"Beseni ya samaki."

"Madame, usinichezee. Uko mu chama gani? Kinshasa inakulipa?"

"Kinshasa hata mafuta ya kupikia hainitumii."

Aliondoa miwani yake, akaifuta. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mwalimu. "Ile iko fiction. Unajua maana ya fiction? Mambo ya kubuni."

"Kama iko ya kubuni," nilisema, "mbona mimi umeniita kweli?"

Alivaa miwani yake tena. Naamini hadi leo kwamba swali lile lilimuuma, kwa sababu alikuwa mtu aliyesoma, na aliwahi kupenda vitabu. Lakini alikuwa na wakubwa wake. Aliniambia nitarudi studioni Jumapili na kusema kwamba nilikosea, kwamba sikuelewa mchezo. Kisha yote yataisha.

"Nitakuja," nilimjibu. "Lakini nitasema yale yale. Labda nitaongeza kidogo, maana jana sikumaliza."

"Mama, unajua batu banapotea mu huu muji?"

"Najua. Teatre yako haikuwataja."

Alinitoa nje, nikaketishwa kwenye benchi la korido, askari mmoja kando yangu, nifikirie. Jua lilipanda. Hakuna aliyenipa maji. Kabla ya adhuhuri baba yangu alitokea, na fimbo yake na kofia yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Akaketi kando yangu.

"Mzee, unataka nini?" askari alimuuliza.

"Nakaa."

"Hapana ruhusa."

"Mtoto wangu, Wabelgiji walinichagulia filamu ya kutazama. Walikata na makasi. Sasa bamukubwa wako banakata mama jirani yangu. Mimi nimezeeka. Acha nikae." Na akakaa. Yule askari, kijana asiyezidi umri wa mjukuu wake, aliangalia pembeni.

Tulikuwa bado tumekaa pale wakati muuza samaki alipoingia. Tulisikia harufu ya moshi kabla hatujamwona. Alikuwa na beseni lake kichwani, limejaa, maana hakuna aliyenunua. Nilidhani amekuja kwa ajili yangu. Kumbe siku ile walikuwa wamemwita yeye kwenda kupiga picha za sehemu ya mwisho. Katika sehemu ya mwisho msaliti alitakiwa kukamatwa, kuungama mbele ya watu, na kupigwa risasi kando ya mto. Aliyajua hayo asubuhi ile ile.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tulisikia kila neno.

"Chef," alisema, "mimi sitakufa."

"Comment?"

"Mule mu teatre. Sitakufa. Tafuta mutu mwingine."

"Mutu mwingine hana sura yako! Watazamaji banakujua wewe."

"Ndiyo. Shida iko pale. Bananijua."

"Sikia, mama. Iko kuanguka tu. Tunapiga risasi ya uongo, unaanguka, tunakupa kitu kidogo, unarudi nyumbani."

"Narudi nyumbani kwa nani? Sokoni nimekufa tayari. Nikianguka tena pale mbele ya batu, nani atainuka?"

Mkuu wa habari alipiga meza. Alisema anaweza kumpeleka kwa nguvu. Jirani yangu alishusha beseni chini, tukasikia kishindo chake.

"Unaweza," alisema. "Unaweza kunipeleka kule. Unaweza kunifunga mikono na kunisimamisha mbele ya kamera. Lakini nitacheka. Mukipiga risasi, nitacheka. Mukirudia, nitacheka tena. Mutaona mama amekufa na anacheka."

Yule askari kijana aliyetulinda alitoa sauti puani, akaificha kwa kiganja. Baba hakuficha. Alicheka kwa sauti, kicheko kikavu cha mzee, na mimi nikacheka naye.

Walituachilia alasiri. Sijui kama ni kwa sababu ya aibu, au kwa sababu mkuu wa habari alikuwa na Jumapili inayokuja na hana mwisho wa mchezo wake, akaona afadhali atuondoe mbele ya macho yake afikiri. Aliniambia nisikanyage tena kituoni. Alimwambia jirani yangu kwamba hatapata kazi ya kuigiza tena maisha yake yote. Jirani yangu akamjibu kwamba kazi yake ni samaki.

Hatukutoka bure. Baadaye askari walikuja nyumbani na kusema televisheni yetu inahitajika kwa ukaguzi. Sote tulijua maana ya ukaguzi. Nilitaka kugombana, baba akanishika mkono. Aliwasaidia kuondoa nyaya. Akawapa hata kitambaa cha kuifunikia, kile alichokishona mwenyewe chenye maua pembeni, ili isipate vumbi barabarani. Walipofika mlangoni aliwaita.

"Muambieni mukubwa wenu," alisema, "muuaji iko daktari."

Hawakuelewa. Waliiondoa. Nafasi yake ukutani ilibaki mraba mweupe, na baba, mtu aliyeyacheka mambo mengi, hakuutazama ukuta ule kwa muda mrefu. Alihamisha kiti chake kikaelekea mlango. Hilo sijawasamehe.

Jumapili ilipofika tulienda kutazama kwa familia nyingine ya mtaani, baba mbele na fimbo yake. Jirani yangu alikuja pia na watoto wake. Wengine waligeuza migongo alipoingia, lakini hakuna aliyemfukuza. Teatre ilianza. Askari msafi alihutubia muda mrefu kupita siku zote, ilikuwa dhahiri wanajaza nafasi. Kisha mtangazaji akatokea, si mwigizaji, mtangazaji wa habari mwenye tai, akasema kwamba msaliti ameutoroka mji na kukimbilia msituni, ambako wanyama watamhukumu.

Watu wote waligeuka kumtazama jirani yangu. Alikuwa amekaa mkekani, mtoto mapajani, anatafuna ndizi ya kuchoma.

"Msitu huu uko na ndizi tamu," alisema.

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Walicheka hadi wakashikana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya sabuni kusikia watu wengi wakicheka pamoja, na hawakuwa wanamcheka yeye. Siku zilizofuata sokoni walimtania, "Mama, umetoka msituni saa ngapi?" na katika kutania wakanunua. Si wote. Wako waliompita hadi mwisho wa vita bila kumsalimia. Yule mama mnene alikaa muda, halafu siku moja akaja, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akalipa bila kuomba apunguziwe. Hakuomba msamaha, na jirani yangu hakumdai. Alimfungia samaki wake vizuri katika jani.

Teatre ilikufa yenyewe baada ya hapo. Kipindi cha maoni ya watazamaji nacho kilifutwa, badala yake wakaweka muziki. Majeshi ya kigeni yaliondoka, meli zikarudi, wakubwa wale wakaenda walikokwenda, na mkuu wa habari sikumwona tena. Nasikia alirudi kufundisha. Kama ni kweli, natumaini wanafunzi wake wanambishia.

Baba hakuipata televisheni yake tena. Nilimnunulia nyingine mto ulipofunguka, ndogo, ya mitumba, yenye rangi ya kijani kwenye nyuso za watu wote, na aliitazama miaka yake ya mwisho bila kulalamika, akiwakamata madaktari wa kijani mmoja baada ya mwingine.

Na jirani yangu? Miaka ya amani, kikundi cha vijana wa mjini kilikuja kumwomba aigize tena. Aliwaambia atakubali kama watampa maneno yote, mwanzo hadi mwisho, ayasome nyumbani kwake kwanza. Walimpa. Alikuja kwangu nayo, tukaketi tukayasoma wote wawili. Mwishoni mwanamke atakayemwigiza anakufa. Nilimtazama kuona atasema nini. Alirudia kurasa, akapima, akaniuliza kama mimi naona sababu inatosha. Nikasema inatosha. Akakubali kufa.

Siku walipoonyesha, mtaa mzima ulilia. Mimi nilimwambia ukweli: alikufa vizuri, lakini alichelewa, mtu aliyejeruhiwa namna ile hana pumzi ya kusema maneno yote yale. Alikasirika. Wiki nzima aliniuzia samaki bila kunitazama usoni. Lakini mimi maoni yangu sikuyarudisha, na hadi leo nasema alichelewa.